Mkate wa Kupigwa Pasi

Mume wangu alirudi nyumbani akiwa amebebwa kwenye bodaboda, mto wa kiti cha lori mapajani na chupa ya chai kwapani, nami nikajua papo hapo kwamba mambo yameharibika. Dereva wa trela hashuki na mto wake. Mto hubaki kwenye kiti, unamngoja. Siku hiyo alishuka nao, akamlipa mwenye pikipiki, akaketi kwenye benchi ya wateja mbele ya cherehani yangu kama mtu aliyekuja kupimwa suruali.

"Wamenishusha," akasema. "Daktari wa kampuni anasema presha iko juu. Nikae nyumbani ishuke, halafu anipime tena."

"Na isiposhuka?"

"Lori watapea mtu mwingine."

Ninashona sare za shule hapa Malaba, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara inayoelekea mpakani, na nyumba yetu iko nyuma yake tu. Mume wangu ameendesha malori tangu kabla hatujaoana, Mombasa hadi Kampala, na wakati mwingine mpaka Kigali. Watoto wamekua na wana nyumba zao. Kwa hiyo pale nyumbani tulibaki mimi, yeye na presha.

Siku za kwanza alinitia wazimu. Alikaa kwenye ile benchi tangu asubuhi akisikiliza malori yanavyopita. Hakuhitaji hata kuyaona. "Huyo klachi yake imeisha," angesema. Au angesimama ghafla na kupiga kelele, "Punguza gia, wewe! Unaua injini!" na mzazi niliyekuwa nikimpima mtoto wake angeruka. Nilimhurumia, lakini pia nilitamani kumfungia ndani.

Daktari alikuwa amemwambia apunguze chumvi, apunguze mafuta, atembee kwa miguu. Nilidhani atakuwa mgumu, kumbe alikubali yote. Alikula mrenda usio na chumvi na kulalamika kwa uso tu. Chai aliinywa ya rangi. Alitembea kila siku mchana, kofia kichwani, mikono nyuma, mtu wa kutii amri. Niliwaringia wenzangu sokoni kwamba mwanamume wangu anasikia.

Halafu nikaanza kuona kwamba kila akirudi kutoka kutembea, sharubu zake zinang'aa.

"Leo umetembea mpaka wapi?" nikamwuliza.

"Mpaka kule."

"Na huko kule kuna siagi?"

Akapangusa mdomo kwa haraka, lakini alikuwa amechelewa. Nilijua anatoka wapi. Kuna hoteli ndogo kando ya foleni ya malori inayowachomea madereva sandwichi za hemu na jibini, au chizi, kama yeye anavyoita. Wanachukua mkate mweupe mnene, wanaupaka siagi ndani na nje, wanaweka paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na kutiwa chumvi, ndiyo hiyo hemu, wanarundika jibini juu yake, kisha wanaukaanga katika siagi nyingine mpaka ukiuinua unadondosha. Mume wangu ameila sandwichi hiyo miaka mingi sana.

Na ameila kwa sababu ya foleni. Asiyeishi Malaba huenda hajui. Malori yakijaa mpakani yanaweza kusimama kutwa kucha, yamepangana hadi mbali, na dereva haruhusiwi kuliacha lake maana mzigo utafunguliwa na dizeli itanyonywa. Basi mume wangu alikuwa akifika kutoka Mombasa, anasimama mahali anapoona paa la kanisa letu, na nyumbani hafiki. Mimi nami sikuenda. Mke anayejiheshimu hapiti katikati ya malori akichungulia vioo. Watu watasema amekwenda kumfumania mumewe. Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye akila sandwichi yake foleni, mimi nikila ugali wangu nyumbani, na kati yetu kipande kidogo tu cha barabara. Niliilaani foleni ile kwa kila laana ninayoijua, ya Kiswahili na ya Kiluhya.

Sasa nilikuwa naye, lakini nikimkataza sandwichi angeendelea kunikimbia kila mchana. Nikaamua nitaichoma mwenyewe, nyumbani, iwe nyepesi. Siagi itoke, chumvi ipungue, na ladha ibaki pale pale.

Nilikwenda Busia mjini nikanunua hemu na jibini kwenye duka kubwa, nikarudi nimejaa matumaini. Ile ya kwanza niliichoma kwenye kikaango kikavu. Mkate uliungua nje, na ndani jibini lilikuwa baridi na gumu kama lilivyotoka dukani. Mume wangu aliuma, akatafuna polepole, akaugeuza ule mkate akautazama upande wa pili.

"Mama," akasema, "hii ni chakula ama ni sampuli?"

Ya pili nilipunguza moto, na jibini likalainika kidogo, lakini bila siagi ile hemu ilikuwa na chumvi ya kukunja uso. Mimi mwenyewe nilikunywa maji baada ya kuionja. Nikajifunza kuiloweka kwenye maji ya moto, kumwaga maji hayo, na kuikausha kwa kitambaa safi, kipande kimoja chembamba tu kwa kila mkate. Jibini nikaacha kulikata. Nikalikwaruza kwenye kikwaruzo cha karoti, maana likikwaruzwa, kidogo tu hutandaa mkate mzima na macho hudanganyika. Nikaongeza nyanya na kitunguu kilichokatwa kama karatasi. Mkate nikachukua ule wa kahawia.

Ladha ikaja, lakini mkate wenyewe ulikataa kushikana. Ukiushika, nyanya inakwenda huku na hemu inakwenda kule. Siagi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya kuugandamanisha, sasa siagi haipo. Najua kuna mashine za kubana mikate, za kutumia umeme. Mimi sina, na umeme wa hapa kwetu una siku zake za kuja na za kulala.

Jibu lilinijia nikiwa kazini. Nilikuwa napiga pasi marinda ya sketi za shule. Mimi hutumia pasi ya makaa, ya chuma kizito, yenye kijogoo cha chuma mbele cha kufungia mfuniko. Niliirithi kwa mama aliyenifundisha kushona huko Bumala. Marinda hayapigwi pasi moja kwa moja. Unalaza kitambaa chenye unyevu juu yake, unaweka pasi, unasubiri. Mvuke unapanda, joto na uzito vinafanya kazi pamoja, na ukiinua, rinda limelala na halitainuka tena muhula mzima. Niliinua pasi, nikalitazama lile rinda, nikaacha sketi pale mezani nikaenda nyuma ya nyumba kukata jani la mgomba.

Jani nililipitisha juu ya moto mpaka likalainika. Nikaufunga mkate ndani yake, upande wenye mshipa mkubwa nikautoa. Nikaweka kifurushi changu kwenye kikaango cha chapati juu ya jiko la moto mdogo, na juu yake nikaiweka pasi, imejaa makaa. Mvuke ukatoka pembeni ukinukia jani na jibini kwa pamoja. Nilihesabu moyoni kama ninavyohesabu nikilaza rinda, nikainua.

Mkate ulikuwa umekuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia pande zote mbili, umeshikana kana kwamba nimeushona ukingoni. Haukuwa na tone la mafuta. Mume wangu aliuma, nikasikia ukialika, na uzi wa jibini ukamfuata kutoka kwenye mkate mpaka mdomoni. Alikula mpaka pembe ya mwisho, akayaokota makombo kwa ncha ya kidole.

"Leta ingine," akasema.

"Moja inatosha. Umesikia daktari."

"Basi hiyo yako tugawane."

Tukagawana yangu, na kuanzia siku hiyo sharubu zake hazikung'aa tena.

Tulijipangia kazi bila kupanga. Yeye alisimamia makaa, kwa sababu aliamini hakuna mtu Malaba anayejua moto kuliko yeye aliyekaa juu ya injini maisha yake yote. Alichagua majani ya mgomba kwa kuyagonga kwa ukucha kana kwamba anapima tairi. Baada ya kula aliniomba kazi, nikampa vifungo. Alivishona kwa moyo wote na kwa mistari iliyopinda, na ukikutana na mtoto wa Malaba ambaye shati lake limepanda bega moja, ujue ni kifungo cha mume wangu hicho. Alikwenda na mimi kununua mkate, tukatembea polepole, tukisalimia watu. Njiani alinisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: mlima unaomtisha, mahali anapopenda kunywa chai, wimbo anaouimba akiona usingizi unamjia.

Nilikuwa na furaha. Sina haja ya kuzungukazunguka katika hilo. Tangu tuoane nilikuwa nikimpata kwa vipande, leo kwa kulala, kesho kwa kufuliwa nguo, na hapo sasa nilikuwa naye mzima mzima. Tatizo ni kwamba kila mkate niliouchoma ulikuwa unamrudisha barabarani. Kila alipopita kwenye duka la dawa kupimwa alirudi amechangamka, "Mama, inashuka!" nami nikasema, "Mungu ni mwema," na kitu kikanichoma hapa chini ya moyo.

Katikati ya mambo hayo wifi yangu akaja kutoka Butula. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na habari za ndugu yake zilimfikia zikiwa zimevimba njiani. Alikuja na jogoo hai na chupa ya samli.

"Mulembe," akasalimia, kabla hata ya kuketi akamzunguka ndugu yake akimtazama. "Amekonda. Mwangalie shingo! Kwani mnamlisha nini?"

Mume wangu, ambaye hana adabu, akaonyesha pasi.

"Pasi?" Wifi akashika kiuno. "Mwanaume wa kwetu analishwa na pasi? Wewe dada, kwani ugali iliisha Kenya?"

"Dada, ngoja uonje kwanza," nikamwambia kwa upole wa mawifi, ambao si upole sana.

Alionja akiwa amesimama, ili ionekane kwamba hajakubali kuwa mgeni wa chakula cha namna hiyo. Wa pili aliula ameketi. Alipomaliza alitaka kujua pasi za makaa bado zinauzwa wapi, na kama jibini linaweza kufika Butula bila kuharibika. Jogoo tulimtoa ngozi tukamchemsha jioni, huku mume wangu akimtazama kwa huzuni. Ile samli niliirudisha kwenye begi la wifi chini ya leso zake, na mpaka leo hajaniuliza.

Asubuhi ya kupimwa ikafika. Tulitakiwa kwenda Busia mjini, kwa daktari wa kampuni, na mume wangu aliamka mapema akanyoa sharubu kwa uangalifu wa bwana harusi. Mimi nilikuwa jikoni nikimwandalia mkate wake. Jibini lilikuwa mbele yangu, kipande kikubwa, na kisu kando. Wazo likaja lenyewe, wala sikuliita. Kata kipande kinene. Paka siagi. Usiloweke hemu. Chumvi kidogo tu, asubuhi hii moja, na huyu mtu hatapanda tena lori. Atakaa kwenye benchi yangu akishona vifungo vilivyopinda mpaka tuzeeke.

Nilisimama pale nimekishika kile kisu. Kisha nikakiweka chini nikachukua kikwaruzo, nikakwaruza jibini jembamba kuliko siku zote, kwa hasira, mpaka nikajikwaruza kidole. Nilijikasirikia mimi, nikaikasirikia barabara, nikamkasirikia yule mwenye kunyoa huku akipiga mluzi. Katika hasira hizo sikuona kwamba jani limechanika. Mkate ukaiva vizuri, akaula, na pasi nikaihamishia mezani ikiwa bado na moto, nikaanza kunyoosha shati lake jeupe.

Fundi yeyote anajua kwamba pasi hupanguswa kabla ya kugusa nguo. Mimi nimewaambia hivyo wanafunzi wangu wote. Siku hiyo niliilaza mgongoni mwa shati huku nikiiwaza Kampala, na nilipoiinua kulikuwa na alama ya pasi nzima, ncha na yote, ya rangi ya jibini lililochomwa.

"Sasa hii ni nini?" mume wangu akauliza.

"Vaa koti."

"Jua la Busia na koti?"

"Vaa koti, baba watoto."

Alivaa koti. Hakuwa na shati jingine jeupe, na kwa daktari hakubali kwenda na la rangi. Tulifika jasho likimtiririka, na jambo la kwanza alilosema daktari ni, "Mzee, toa koti nikufunge mkono." Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alimfunga kile kitambaa cha kupimia, akapita nyuma yake, akasimama. Akainama kidogo na kunusa.

"Mzee, samahani. Huku nyuma unanukia kama hoteli."

Basi mume wangu akaeleza. Akaeleza yote, kuanzia siagi ya foleni mpaka jani la mgomba, akasimama kuonyesha kwa mikono jinsi pasi inavyolazwa, huku mpira wa kupimia ukining'inia mkononi. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alitulazimisha tukae kimya wote watatu kwa muda, kwa sababu alisema hawezi kumpima mtu anayecheka. Kisha akapima. Akapima tena.

"Imeshuka," akasema. "Rudi kazini, mzee. Na huo mkate usiuache."

Mume wangu alisimama akampigia saluti. Mimi nilipiga makofi, na kweli nilifurahi, kwa sababu uso wake ulikuwa uso wa kijana niliyemjua. Kisha nikasema naenda kununua maji. Nikasimama nyuma ya ukuta wa ile kliniki, nikalia, nikajipangusa, nikanunua maji.

Hawakumkawiza. Aliitwa Mombasa juma hilo hilo, akaondoka na mto wake kwapani. Benchi ikabaki tupu na malori yakapita bila mtu wa kuyasema. Niliwasha makaa ninyooshe sare, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa, nikageuka kuchukua pasi. Haikuwepo. Nilitafuta chini ya meza, chini ya kitanda, hata kwenye banda la kuku. Nikampigia simu.

"Umeona pasi yangu?"

"Nimeiazima," akasema, nikasikia upepo na injini nyuma yake. "Daktari alisema mkate nisiuache. Sasa nitaubana na nini?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Niliazima pasi ya jirani, ya umeme, nyepesi kama kijiko, na marinda ya siku zile yote yalilala vibaya. Nilimwaza nikiwa nimekasirika, na hilo lilinisaidia kidogo, kwa sababu hasira haikuniuma kama kumkosa.

Kisha mchana mmoja simu ikalia.

"Niko foleni," akasema. "Kama unataka pasi yako, kuja uichukue. Mkate yangu haitoki poa, inaungua upande mmoja. Kuja na vitu. Makaa nimeshawasha."

Nilikaa kwenye cherehani nikiwa nimeshika simu. Miaka yote ile sikuwahi kuikanyaga foleni. Nilijua watakaoniona ni akina nani na watakavyosema. Halafu nikafunga kibanda. Nikatia kwenye kikapu mkate wa kahawia, hemu niliyokwisha kuiloweka, jibini, nyanya na kikwaruzo. Nikakata jani la mgomba nikalikunja juu.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilipita katikati ya matairi yanayonifikia kifuani, na madereva waliokuwa wakipika na kufua kando ya malori yao wakageuka kunitazama mmoja mmoja.

"Mama, unatafuta nani?" mmoja akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuona vita.

"Natafuta pasi yangu," nikamjibu.

Nilimkuta amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, jiko mbele yake, pasi yangu imejaa makaa mekundu, na mgongoni ile alama ya pasi inanitazama. Amelifua lile shati na haikutoka. Aligeuka akaniona. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, hata maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Nikajikuta nauliza tu, "Jani umepitisha kwenye moto?"

"Jani gani? Mimi nilitumia gazeti."

Nilicheka mpaka nikashika gurudumu. Nikamwonyesha tena tangu mwanzo, na mkate wa kwanza ulipokuwa umeiva tu, malori ya mbele yakaanza kunguruma. Foleni ilikuwa inasogea. Nyuma yetu wakapiga honi. Aliliinua jiko akalitia kwenye kisanduku cha chuma kilicho pembeni mwa lori, akanifungulia mlango.

"Panda."

"Mimi?"

"Panda, mama. Watatuvunja masikio."

Nikapanda, kikapu mkono mmoja, pasi ya moto mkono wa pili, mkate umefungwa kwenye jani kifuani. Nimekuwa mke wa dereva karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sikuwa nimewahi kuingia ndani ya lori lake. Kulinukia dizeli na chai, na kioo kilikuwa kikubwa hata nikaliona paa la kanisa letu na nyuma yake moshi wa watu wanaopika. Akajinyanyua kidogo, akauchomoa mto wake alioukalia, akauweka kwenye kiti cha upande wangu.

"Kalia hiyo. Hicho kiti ni kigumu."

Lori likasogea urefu wa lori moja, likasimama. Mbele yetu ilikuwa Uganda na kazi yake, na muda si mrefu ningeshuka nirudi kwenye marinda yangu. Niliufungua mkate, nikaukata katikati, nikampa nusu yake. Foleni niliyoilaani miaka yote ile ikatulia kabisa, nami, nikiwa nimekalia mto wake, nikaiombea isisogee mpaka tumalize kula.